Bahari Isiyo na Mwenyewe: Pwani ya Bretagne na Meli Amoco Cadiz

Tangu Papa Fransisko alipotoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, maneno "nyumba yetu ya pamoja" yamekuwa ya kawaida midomoni mwetu. Tunayaandika kwenye mabango ya kongamano na kuyarudia katika sala za waamini. Lakini kitu kikisemwa kuwa ni cha pamoja, swali la pili huja lenyewe: kikiharibiwa, ni nani atakayesimama mbele ya hakimu na kusema kwamba amedhulumiwa? Swali hilo liliwahi kuulizwa waziwazi, kwa muda wa miaka 14, kati ya watu wa pwani moja ya Ulaya na kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani. Jibu la kwanza lililotolewa lilikuwa chungu. Tunaona inafaa historia hiyo ijulikane kwetu, tunaoishi kandokando ya maziwa makubwa, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Bretagne ni pembe ya magharibi ya Ufaransa, nchi ya mawe na upepo inayojitokeza ndani ya bahari ya Atlantiki. Watu wake wana lugha yao wenyewe, na kwa karne nyingi walijulikana kwa ushikamanifu wao katika imani ya Kikatoliki. Hata leo, mgeni apitaye vijijini mwao hukuta misalaba ya mawe kwenye njia panda na makanisa madogo yanayotazama bahari. Baharini walipata samaki, kaa na chaza, na pia mwani, ambao wazee waliukusanya kwa mikokoteni ili kurutubisha mashamba, na ambao baadaye viwanda viliununua. Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa maziwa hatuna budi kulielewa kabla ya kuendelea. Bahari ile hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 7. Maji yakipwa, eneo pana la mchanga, matope na miamba hubaki wazi. Humo huishi viumbe wengi kuliko macho yanavyoweza kuona, na humo mtu asiye na chombo cha kuvulia huweza kuokota chakula chake. Kwa hiyo kitu chochote kinachoelea juu ya bahari ile hupakwa, saa baada ya saa, juu ya eneo lote hilo, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu tena.

Mbele ya pwani hiyo hupita meli zinazoingia na kutoka katika bahari ya Manche, mojawapo ya njia zenye msongamano mkubwa duniani. Wabretoni walikwisha kuonja matunda yake. Tarehe 18 Machi 1967 meli Torrey Canyon ilipanda miamba karibu na Cornwall, huko Uingereza, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Majuma machache baadaye sehemu ya mafuta hayo ilifika Bretagne. Upande wa Uingereza walimwaga dawa za sabuni kwa wingi ili kuyavunjavunja mafuta, na baadaye wataalamu walikuta kwamba mahali pengi dawa hizo ziliua viumbe kuliko mafuta yenyewe. Mwaka 1976 zikaja ajali nyingine mbili, ya Olympic Bravery na ya Boehlen. Hivyo meli tunayoisimulia hapa ilikuwa ya nne katika muda wa miaka 11.

Torrey Canyon iligonga mwamba siku ya Jumamosi kabla ya Dominika ya Matawi. Siku ya Pasaka ya mwaka huo, tarehe 26 Machi 1967, ndiyo tarehe Papa Paulo VI aliyoiweka juu ya waraka wake wa Populorum Progressio, kuhusu maendeleo ya mataifa. Mwaka 1978 Pasaka iliangukia tena tarehe 26 Machi, na ajali ikatokea tena katika juma lililotangulia Dominika ya Matawi. Hatusemi kwamba kalenda ina siri. Tunataja tu kwamba mara zote mbili waamini wa pwani zile waliingia Juma Takatifu wakiwa na harufu ya petroli puani.

Amoco Cadiz ilijengwa Cádiz, nchini Hispania, mwaka 1974. Urefu wake ulikuwa mita 334, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vikiwekwa mstari mmoja. Ilipeperusha bendera ya Liberia, nahodha wake alikuwa Mwitalia, kampuni yenye mali ilikuwa na makao yake Chicago, na mafuta yalitoka Saudi Arabia na Irani kwenda Uholanzi. Msomaji aone mwenyewe jinsi ilivyo vigumu kujua, katika orodha ya namna hiyo, mlango wa kubisha pale jambo linapoharibika.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 16 Machi 1978, mnamo saa nne kasoro robo, mtambo unaogeuza usukani uliharibika meli ikiwa karibu na kisiwa cha Ouessant, katika upepo mkali. Mafundi walijaribu kuutengeneza, wakashindwa. Meli ya kukokota ya Kijerumani, iliyoitwa Pacific, ilifika baada ya saa chache. Hapo yakaanza mabishano ya masharti. Nahodha wa Pacific alitaka mkataba wa uokoaji wa desturi ya baharini, ambao mwokoaji hulipwa kwa kadiri ya mali iliyookolewa, na asipookoa hapati kitu. Nahodha wa Amoco Cadiz alitaka kulipa kazi ya kukokota tu, na alihitaji kauli ya wakubwa wake waliokuwa Chicago, ng'ambo ya Atlantiki, ambako kulikuwa bado mapema asubuhi. Masaa yakapita. Kamba ya kwanza ilikatika alasiri. Ya pili ilifungwa usiku ulipokwisha kuingia. Saa tatu na dakika nne za usiku meli iligusa miamba mbele ya kijiji cha Portsall. Helikopta za jeshi la majini la Ufaransa ziliwaokoa mabaharia katika giza na dhoruba; nahodha na msaidizi mmoja walibaki hadi alfajiri.

Kesho yake meli ilivunjika vipande viwili. Katika muda wa majuma mawili mzigo wote, tani 223,000, ulimwagika baharini pamoja na tani zipatazo 4,000 za mafuta ya injini zake. Dominika ya Matawi, tarehe 19 Machi, ilikuwa pia siku ya duru ya pili ya uchaguzi wa wabunge nchini Ufaransa. Watu wa Portsall walikwenda kusali na kupiga kura huku utando mweusi ukiingia bandarini mwao.

Wenyeji waliyaita mafuta yale kwa neno ambalo hata sisi tunalo: mazutu. Kwetu ni neno la lori na jenereta. Kwao lilikuwa tayari neno la maombolezo.

Sasa tuangalie kazi ya mafuta juu ya pwani, maana watu wengi hudhani kwamba ni jambo la uchafu tu, la kusugua na kuosha. Mafuta yale yalikuwa mepesi, na hilo lilikuwa na pande mbili. Sehemu kubwa iligeuka mvuke ikaenda hewani; lakini mafuta mepesi ndiyo pia yenye sumu inayoyeyuka upesi majini, ikaingia katika matamvua ya samaki na ndani ya makome kabla hayajapata muda wa kujifunga. Mawimbi yaliyachapa mafuta pamoja na maji mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya kahawia, ambao Wafaransa waliulinganisha na povu la chokoleti. Uji huo ulikuwa na maji mengi kuliko mafuta, hivyo wingi wake ulizidi mara kadhaa ule wa mafuta yaliyotoka melini. Upepo wa magharibi uliusukuma kwanza upande wa mashariki. Mnamo Aprili upepo uligeuka na kupeleka sehemu yake kusini. Mwishoni mwa mwezi huo kilomita 320 hivi za pwani zilikuwa zimechafuliwa.

Majuma mawili baada ya ajali, bahari ilianza kutapika wafu. Mamilioni ya kome, chaza na viumbe wengine wa chini ya maji waliletwa na mawimbi hadi ufukoni. Ndege waliookotwa wakiwa wamekufa walikaribia 20,000, wengi wao wakiwa wale wanaopiga mbizi kutafuta samaki, kama minandi: ndege wa aina hiyo hutua juu ya maji, manyoya hushikamana, baridi humpenya, naye akijisafisha kwa mdomo humeza sumu. Katika zile ghuba nyembamba ambazo Wabretoni huziita aber, mahali bahari inapoingia ndani ya nchi kavu na kutulia, chaza waliofugwa walipotea kiasi cha tani 9,000.

Wataalamu baadaye walijaribu kufanya hesabu ya mahali mafuta yalipokwenda. Tani 67,000 ziligeuka mvuke. Tani 62,000 zilipakwa ufukoni, 30,000 zilichanganyika na maji, na 18,000 zilizama katika mashapo ya chini ya bahari. Zilibaki tani 46,000 ambazo hakuna aliyeweza kuzionyesha ziliko. Kiasi hicho cha mwisho peke yake ni zaidi ya maradufu ya mafuta ambayo Erika, meli tutakayoitaja mbele, iliyamwaga mwaka 1999.

Watu walitoka kusafisha. Walikuja wanajeshi na wazima moto. Walikuja pia wanafunzi na watu wa kujitolea kutoka mikoa ya mbali, wakiwa na makoleo, ndoo na mavazi ya mpira. Wakulima walileta matangi yao ya kunyonyea samadi, wakaingiza mipira yake katika uji mweusi, na chombo hicho cha zizini kikawa mojawapo ya zana zilizofaa kuliko zote. Zaidi ya tani 100,000 za mafuta na maji zilikusanywa kwa njia hiyo. Zilipochujwa viwandani, mafuta halisi hayakufika tani 20,000. Tunaiheshimu kazi ile. Lakini ukweli ni kwamba mikono yote ile haikurudisha hata moja ya kumi ya kilichomwagika. Mafuta yakishakuwa juu ya maji, sehemu kubwa ya mambo yamekwisha kuamuliwa.

Na kusafisha kwenyewe kunaweza kudhuru. Katika kisiwa kiitwacho Île-Grande kuna kinamasi cha maji ya chumvi, mahali pa nyasi fupi na matope laini, ambamo mafuta yaliingia na kutulia. Watu waliona aibu kuliacha dimbwi lile. Mashine nzito ziliingizwa, zikakwangua mafuta pamoja na nyasi, mizizi na udongo wake. Vinamasi vilivyoachwa bila kuchimbwa vilipona katika muda usiofika miaka kumi. Pale palipochimbwa, kuota upya kulichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa udongo ulioshikilia mbegu na mizizi ulikuwa umekwenda na malori. Kwa upande mwingine, miamba iliyokabili bahari kuu, ambayo hakuna aliyethubutu kuisafisha, ilisuguliwa na mawimbi na kurudi katika hali yake upesi. Mahali penye nguvu ya mawimbi, bahari hujiosha. Mahali penye utulivu, mafuta hukaa. Ajabu yake ni kwamba mahali penye utulivu ndipo pia samaki wengi hulelea watoto wao.

Tungependa vijana wakumbuke kisa kimoja kidogo kuliko vyote. Katika mji wa Roscoff kuna kituo cha elimu ya bahari kilichoanzishwa mwaka 1872. Tangu mwaka 1977, kwa kazi isiyohusiana na ajali yoyote, watafiti walikuwa wakichota mchanga wa chini ya ghuba ya Morlaix na kuhesabu viumbe vilivyomo. Waliokuwa wengi kupita wote ni wanyama wadogo jamii ya kamba, waitwao Ampelisca, wasiozidi ukubwa wa punje chache za mchele. Hakuna mvuvi aliyewajua kwa jina, lakini samaki waliwajua, kwa maana walikuwa chakula chao. Mafuta yalipopita, karibu wote walitoweka. Viumbe wengi wa baharini hutawanya mayai yao majini, mkondo ukayachukua mbali, na hivyo mahali palipokufa hupata wakaaji wapya kutoka kwingine. Ampelisca hafanyi hivyo: jike hubeba watoto wake mwilini mpaka wakue, kisha huwaachia palepale. Kwa sababu hiyo ghuba haikuletewa wengine, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kwa wachache waliosalia kuijaza tena. Tunalijua hilo kwa sababu mtu fulani alikuwa amehesabu kabla. Bila daftari la mwaka 1977, mchanga ule ungeonekana safi, na kila mtu angeapa kwamba hakuna kilichopotea.

Hapa ndipo tunafika Chicago.

Mkataba wa kimataifa wa Brussels wa mwaka 1969 uliweka kikomo cha fidia ambayo mwenye meli anaweza kudaiwa. Kwa Amoco Cadiz kikomo hicho kilikuwa takriban milioni 77 za franka za Ufaransa, kiasi kidogo mno mbele ya hasara. Kampuni ilikuwa tayari kulipa hizo na kufunga faili. Serikali ya Ufaransa na komini za pwani zilikataa. Mwenye meli kwenye karatasi alikuwa kampuni ya Liberia, lakini nyuma yake alisimama mzazi wake, Standard Oil ya Indiana, yenye ofisi Chicago. Basi wakaenda kumshitaki mzazi nyumbani kwake.

Tufikirie maana yake. Komini zaidi ya 70, nyingine zikiwa vijiji vya watu elfu moja au mbili, pamoja na wafugaji wa chaza, wavuvi na wenye hoteli, walikodi mawakili wa nchi nyingine, katika lugha nyingine, dhidi ya mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani. Mtu aliyewaunganisha alikuwa Alphonse Arzel, mkulima na meya wa Ploudalmézeau, komini ambayo Portsall ni sehemu yake. Baadaye alikuwa pia seneta. Mwaka 1980 komini hizo ziliunda umoja wao wa kulinda pwani, zikachanga fedha na kukopa. Walihifadhi kila hati: siku za kazi za vibarua, mafuta ya malori, barabara zilizoharibiwa na mashine, vyumba vya hoteli vilivyobaki vitupu majira ya joto. Kampuni ilileta mashahidi wake na mahesabu yake, na wakati ulikuwa upande wake, kwa kuwa kampuni haizeeki kama meya anavyozeeka.

Mwezi wa Aprili 1984 Jaji Frank McGarr alitoa hukumu: Standard Oil ya Indiana ilikuwa na hatia ya uzembe. Mtambo wa usukani haukutunzwa ipasavyo na mabaharia hawakufundishwa vya kutosha. Kuhusu kiasi cha fidia, mabishano yaliendelea hadi mwaka 1988, kisha yakaenda rufani, na yalifungwa tarehe 24 Januari 1992. Serikali ya Ufaransa ilipata sehemu kubwa ya malipo. Komini zilipata kidogo kuliko zilivyodai, na sehemu ya kile kilichopatikana ililipa gharama za kesi yenyewe.

Lakini kilichotufanya tuandike makala hii ni kipengele kimoja cha hukumu ya mwaka 1988. Kati ya madai, kulikuwa na dai la viumbe waliokufa baharini: kome wasiofugwa na mtu, ndege, wale Ampelisca. Wataalamu walikuwa wamefanya hesabu ya uzito wao na thamani yao. Jaji alilikataa dai hilo. Alisema hesabu imejengwa juu ya dhana nyingi zinazotegemeana. Na tena, viumbe hao, kwa lugha ya kisheria, ni res nullius, yaani kitu kisicho na mwenyewe. Kwa kuwa si mali ya mtu, hapakuwa na mtu aliyepoteza mali, na kwa hiyo hapakuwa na wa kulipwa. Chaza wa shambani walilipiwa. Chaza wa mwambani, aliyekufa kwa mafuta yaleyale siku ileile, hakuhesabiwa.

Hatumlaumu jaji huyo. Alitumia sheria aliyoikuta, na sheria hiyo ilikuwa ya Ufaransa yenyewe. Wala fikra hiyo si ngeni kwetu. Ni mara ngapi tumesikia mtu akisema juu ya mti wa barabarani au bomba la maji: "Hii ni ya Leta", akiwa na maana kwamba si ya mtu, na kwa hiyo anaweza kuivunja? Kati ya kitu kisicho na mwenyewe na kitu chenye wenyewe wote kuna umbali mkubwa, ingawa kwa macho vinafanana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ibara ya 69, ulifundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Papa Paulo VI naye, katika barua yake Octogesima Adveniens ya mwaka 1971, alionya kwamba mwanadamu anayetumia maumbile bila kufikiri yuko katika hatari ya kuyaharibu na kuwa yeye mwenyewe mhanga wa uharibifu huo. Mafundisho hayo yalikuwapo tayari meli ilipopanda miamba ya Portsall. Mahakamani hayakuwa na kiti.

Yaliyofuata yalikwenda polepole. Njia ya meli mbele ya Ouessant ilisogezwa mbali zaidi na pwani. Meli yenye nguvu ya kukokota iliwekwa Brest, ikingojea usiku na mchana, ili nahodha aliye hatarini asipate tena nafasi ya kubishana bei mpaka giza liingie. Mwaka 1982 nchi za Ulaya zilipatana mjini Paris kukagua meli za kigeni zinazotia nanga bandarini mwao, bila kujali bendera zinazopeperusha. Kisha, tarehe 12 Desemba 1999, meli nyingine kuukuu, Erika, ilivunjika na kuzama kusini mwa Bretagne, ikamwaga tani zipatazo 20,000 za mafuta mazito. Safari hii kesi ilifanyika Paris. Kati ya walalamikaji kulikuwa na chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa mwaka 1912, ambacho hakikumiliki hata ndege mmoja. Tarehe 16 Januari 2008 mahakama ilikubali kwamba hasara waliyoipata viumbe na mazingira yenyewe inastahili fidia. Tarehe 25 Septemba 2012 mahakama ya juu kabisa ilithibitisha. Na kwa sheria ya tarehe 8 Agosti 2016 jambo hilo liliandikwa katika Kanuni ya Sheria za Kiraia ya Ufaransa. Kutoka Portsall hadi ukurasa huo wa sheria ilipita miaka 38. Arzel alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Nchi yetu ina pwani fupi, kilomita arobaini hivi, kule Muanda. Mafuta huchimbwa baharini mbele yake tangu mwaka 1975, na kando yake, kwenye mdomo wa mto Kongo, kuna hifadhi ya mikoko iliyotangazwa mwaka 1992. Mikoko ni ya aina ileile ya mahali penye utulivu, ambapo mafuta yakiingia hayatoki. Lakini wengi wetu hatujaiona Muanda. Tunaijua Kivu, Tanganyika, na wenzetu wa Ituri wanalijua ziwa Albert, ambalo upande wake wa Uganda visima vya mafuta vimechimbwa kutoka ufukoni kuelekea chini ya maji. Mwezi wa Julai 2022 Serikali yetu ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya mafuta na 3 ya gesi, mengine ndani ya hifadhi ya Virunga. Mnada wa mafuta ulifutwa mwezi wa Oktoba 2024. Kilichofutwa kinaweza kutangazwa upya, na vijana wanaosoma ukurasa huu ndio watakaokuwa na umri wa kina meya siku hiyo.

Ziwa Tanganyika halina bamvua wala mawimbi ya Atlantiki ya kusugua miamba yake. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, unaoanzia Kalemie. Sehemu kubwa ya maji mengine huondoka kwa kupaa hewani kama mvuke, na mafuta mazito hayapai nayo. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hilo kwa pamoja, na kati ya misingi yake umo ule usemao kwamba anayechafua ndiye alipe. Huko Uvira kipo kituo cha utafiti wa viumbe vya majini, ambapo watafiti huchunguza samaki wa ziwa. Kikundi cha vijana kinaweza kuomba kuwatembelea, na kuuliza ni nini kilichokwisha kuhesabiwa, na ni ufuko upi ambao bado hauna daftari.